William Farr na Hesabu ya Vifo vya Joto na Baridi

Umekwisha kujifunza kwamba ndani ya mwili wa mtu mwenye afya kuna joto la nyuzi 37 hivi za Selsiasi. Joto hilo halibadiliki sana, mtu awe juani au kivulini, awe bondeni au mlimani. Hewa inapokuwa ya moto, mwili hutoa jasho ili upoe. Hewa inapokuwa ya baridi, mwili hutetemeka ili upate joto. Lakini nguvu za mwili zina mpaka wake. Mpaka huo ukivukwa, mtu huugua na pengine hufa.

Fikiri juu ya watu wa Ubaruku, katika wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Ubaruku uko katika bonde la Usangu, mahali ambapo maji ya mito itokayo milimani huingizwa katika majaruba ya mpunga. Mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, jua la bonde hilo ni kali, na wakulima huinama mashambani kwa muda mrefu wakitayarisha vitalu vya miche. Fikiri pia juu ya watu wanaokaa kusini ya bonde hilo, katika nchi ya juu kuelekea Kitulo, ambako ardhi hupanda hadi zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Huko mwezi wa Juni na Julai asubuhi huja na sakitu, yaani umande ulioganda juu ya majani. Basi katika safari isiyo ndefu sana unaweza kutoka kwenye joto kali hadi kwenye baridi kali.

Mtu akiumwa na nyoka, alama ya meno huonekana. Akizama mtoni, kila mtu anajua kilichomwua. Lakini joto na baridi mara nyingi haviachi alama yoyote. Tuseme mzee mwenye ugonjwa wa moyo amefariki siku ya jua kali. Katika daftari itaandikwa kwamba ameuawa na ugonjwa wa moyo. Tuseme mtoto mchanga wa mlimani amefariki mwezi wa Julai kwa kichomi. Katika daftari itaandikwa kichomi. Hakuna uongo ulioandikwa. Hata hivyo, je, watu hao wangalikufa siku zile kama hewa ingalikuwa ya wastani?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kumtazama marehemu mmoja peke yake. Hujibiwa kwa kuwahesabu wengi. Katika sura hii utasoma habari za mtu aliyeitumia njia hiyo kwa miaka mingi na kuwafundisha wengine. Jina lake ni William Farr.

Utoto na masomo yake

William Farr alizaliwa tarehe 30 Novemba 1807 katika kijiji cha Kenley, katika jimbo la Shropshire nchini Uingereza. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa bado mtoto mdogo alichukuliwa na bwana mmoja mwenye mali, Joseph Pryce, akalelewa naye. Bwana Pryce alipomwona kijana huyo anapenda vitabu, alimsaidia kusoma. Farr alipopata umri wa kufanya kazi alikwenda hospitalini katika mji wa Shrewsbury, akawa msaidizi wa kufunga vidonda.

Mwaka 1828 Bwana Pryce alifariki, akamwachia Farr urithi wa fedha. Farr hakuzitumia fedha hizo kwa anasa. Alikwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, kusomea uganga. Wakati huo baadhi ya madaktari wa Paris walikuwa wameanza desturi mpya. Hawakuridhika kusema tu kwamba dawa fulani ni nzuri. Walihesabu wagonjwa waliopona na waliokufa, kisha wakalinganisha. Desturi hiyo ilimwingia Farr moyoni.

Aliporudi London alimaliza masomo yake, akafungua chumba cha kutibia wagonjwa. Mwaka 1833 alioa. Lakini mwaka 1837 mkewe alifariki kwa kifua kikuu. Ugonjwa huo uliwaua watu wengi mno siku hizo, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni wangapi.

Daftari la vifo

Katika mwaka huohuo wa 1837 serikali ya Uingereza ilianza jambo jipya. Ilikuwa imekwisha kuanzisha Ofisi ya Msajili Mkuu, na kuanzia tarehe 1 Julai vizazi, ndoa na vifo vyote vya Uingereza na Wales vikaanza kuandikwa katika madaftari ya serikali. Muda mfupi baadaye Farr alipata kazi katika ofisi hiyo. Taarifa ya kwanza ya mwaka ilitolewa mwaka 1839, na ndani yake mlikuwa na maelezo yake. Alikaa katika kazi hiyo kwa miaka arobaini hivi.

Usidhani kwamba kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Karatasi zilifika kutoka kila pembe ya nchi. Daktari mmoja aliandika ugonjwa kwa jina hili, na mwingine akauita ugonjwa uleule kwa jina lile. Wengine waliandika homa tu, bila kueleza ni homa gani. Farr aliona kwamba hesabu ya namna hiyo ni sawa na kupima mpunga kwa vibaba vya ukubwa mbalimbali. Kwa hiyo alitengeneza orodha ya magonjwa na kuyapanga kwa mafungu, akawasihi madaktari waifuate. Mwaka 1853 wataalamu wa takwimu wa nchi nyingi walikutana mjini Brussels, na Farr alikuwa miongoni mwa waliotakiwa kutayarisha orodha ambayo mataifa yote yangeweza kuitumia. Orodha ya magonjwa inayotumiwa leo na Shirika la Afya Duniani inatokana na kazi ya namna hiyo. Ndani yake pamewekwa nafasi ya kuandika kifo kilicholetwa na joto kali au baridi kali.

Baridi ya London

Tangu mwaka 1840 ofisi ya Farr ilitoa kila juma hesabu ya watu waliokufa London. Pamoja na hesabu hiyo palichapishwa vipimo vya hali ya hewa vilivyochukuliwa Greenwich, mahali penye kituo cha kuchunguza nyota na hewa. Hivyo katika karatasi moja msomaji aliweza kuona mambo mawili: kiasi cha joto na idadi ya vifo.

Farr alipoziweka karatasi za majuma mengi pamoja aliona jambo la kushangaza. Baridi kali iliposhika, vifo viliongezeka. Waliokutwa wameganda barabarani walikuwa wachache sana. Wengi walikuwa watu waliofia vitandani mwao kwa magonjwa ya kifua na ya moyo. Tena aliona kwamba baridi haikuwapiga watu wote sawasawa. Kijana mwenye nguvu alidhurika kidogo, lakini hatari ilizidi kukua kadiri umri ulivyoongezeka, na wazee ndio walioathirika zaidi.

Mwaka 1847 mafua makali yaliingia London. Farr hakuhesabu tu watu ambao vyeti vyao viliandikwa mafua. Alihesabu vifo vyote vya majuma yale, kisha akatoa idadi ya vifo ambavyo kwa kawaida vingetokea wakati kama ule. Tofauti iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko idadi ya vyeti vilivyotaja mafua. Leo tofauti ya namna hiyo tunaiita vifo vya ziada.

Jinsi ya kukadiria vifo vya ziada

Tufanye mfano wa kufikirika ili uielewe njia hiyo. Tuseme katika wilaya fulani, juma la kwanza la Novemba kwa miaka mitano mfululizo, idadi ya vifo ilikuwa 18, 22, 20, 19 na 21. Ukijumlisha utapata 100. Ukigawanya kwa 5 utapata wastani wa 20. Mwaka wa sita jua likawa kali kupita kawaida, na katika juma lilelile wakafa watu 29. Ondoa 20 katika 29. Vifo vya ziada ni 9.

Je, tunaweza kutaja majina ya watu hao 9? Hatuwezi. Miongoni mwa marehemu 29, hatujui nani angalikufa hata kama pangekuwa na upepo wa baridi, na nani angaliishi. Tunajua idadi ya ziada, lakini hatujui watu wenyewe. Ndiyo sababu tunasema vifo hivyo vinakadiriwa.

Mtu mwenye akili ya kisayansi hasimami hapo. Anauliza maswali mengine. La kwanza, je, idadi ya watu wa wilaya imeongezeka? Wakiongezeka watu, vifo navyo huongezeka bila ya kosa la jua. Kwa sababu hiyo hesabu nzuri hufanywa kwa kila watu 1,000. La pili, je, palikuwa na kipindupindu, surua au ajali kubwa katika juma lile? La tatu, je, tofauti hiyo ni kubwa kuliko mabadiliko ya kawaida? Katika mfano wetu vifo vilikuwa kati ya 18 na 22. Kama mwaka wa sita vingekuwa 22, tusingeweza kulilaumu jua. La nne, majuma yaliyofuata yalikuwaje? Pengine vifo vilishuka chini ya wastani, kwa sababu baadhi ya wagonjwa waliokuwa karibu kufa walitangulia kwa siku chache. Kwa sababu ya mashaka hayo wataalamu hutoa kadirio pamoja na mipaka yake, yaani idadi ya chini na idadi ya juu inayoweza kuwa kweli.

Farr aliongeza kipimo kingine. Alichagua wilaya za Uingereza zilizokuwa na afya kuliko nyingine, akaona kwamba huko watu 17 walikufa kila mwaka kwa kila 1,000. Akasema kwamba vifo vinavyozidi hapo katika wilaya nyingine vina sababu inayoweza kutafutwa na kuondolewa.

Joto na baridi huuaje?

Siku hizi tunaelewa mengi zaidi juu ya namna mwili unavyoshindwa. Wakati wa joto kali moyo hupiga kwa nguvu ili kupeleka damu karibu na ngozi ipoe. Jasho hutoka, na pamoja nalo maji na chumvi. Asipokunywa maji, mtu hukauka, damu yake huwa nzito, na moyo na figo huchoka. Hewa ikiwa na mvuke mwingi, jasho halikauki upesi, na hatari huzidi. Joto la mwili likipanda na kupita nyuzi 40, mtu huweza kuchanganyikiwa na kuzimia. Vifo vya joto hutokea upesi, siku ileile au siku chache baadaye.

Baridi hufanya kazi yake polepole. Mishipa ya damu karibu na ngozi hujibana, msukumo wa damu hupanda, na moyo hulemewa. Vifua hudhoofika, na watu wakijifungia ndani pamoja, maradhi ya kuambukiza huenea. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kwa sababu mwili wake ni mdogo. Kwa hiyo madhara ya baridi huendelea kuonekana kwa majuma kadhaa baada ya baridi yenyewe kupita. Mtu akihesabu vifo vya siku ya baridi peke yake ataviona vichache kuliko vilivyo.

Hesabu iliyomgeuza mwenye hesabu

Farr hakuwa mtu asiyekosea. Kipindupindu kilipoua maelfu ya watu London, yeye aliamini, kama madaktari wengi wa wakati wake, kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alisema kwamba huletwa na maji machafu. Farr hakukubaliana naye, lakini mwaka 1854 alimpa takwimu za vifo ili afanye uchunguzi wake. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, Farr mwenyewe alichunguza hesabu za vifo mtaa kwa mtaa, akaona kwamba vilizidi pale palipopelekwa maji ya kampuni moja. Akakubali kwamba maji ndiyo yaliyobeba ugonjwa. Hesabu alizozikusanya mwenyewe zilimwonyesha njia nyingine, naye akaifuata.

Farr alifanya kazi pia na Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri. Wawili hao walizichunguza takwimu za askari wa Uingereza waliokwenda kupigana vita vya Krimea, wakaonyesha kwamba maradhi yaliwaua askari wengi kuliko silaha za adui.

Farr aliacha kazi mwaka 1880, baada ya cheo cha Msajili Mkuu kupewa mtu mwingine. Alifariki London tarehe 14 Aprili 1883, akiwa na umri wa miaka 75.

Baada ya Farr

Njia ya kulinganisha vifo vilivyotokea na vifo vilivyotazamiwa imeenea duniani kote. Mwezi wa Julai 1995 joto kali lilishika mji wa Chicago nchini Marekani, na hesabu ya vifo vya ziada ikapita 700. Mwezi wa Agosti 2003 joto lilishika Ufaransa. Wataalamu walilinganisha vifo vya siku 20 za kwanza za mwezi huo na wastani wa miaka mitatu iliyotangulia, wakakuta ziada ya watu karibu 15,000. Wengi walikuwa wazee, na baadhi yao walikuwa wakiishi peke yao. Baada ya msiba huo serikali ya Ufaransa ilianzisha mpango wa kuwaonya watu mapema na kuwatafuta wazee nyumbani mwao kila joto linapokaribia.

Usifikiri kwamba mambo hayo ni ya nchi za mbali tu. Mjini Nairobi, watafiti walifuatilia vifo katika mitaa ya Korogocho na Viwandani tangu mwaka 2003 hadi 2008, wakavilinganisha na hali ya hewa. Waliona kwamba baridi iliwadhuru zaidi watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano na watu wenye miaka 50 na zaidi. Nairobi iko karibu sana na mstari wa Ikweta, lakini iko juu, na nyumba za mabati haziwezi kuzuia baridi ya usiku.

Katika Tanzania, wilayani Rufiji, kazi ya kufuatilia kaya kwa kaya ilianza mwaka 1998, nayo Taasisi ya Afya ya Ifakara ikaiendeleza. Watumishi walipita nyumbani kwa watu na kuandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Palipotokea msiba, waliwauliza jamaa kwa upole dalili alizokuwa nazo marehemu, ili sababu ya kifo ijulikane hata kama hakufia hospitalini. Kazi hiyo ni ya lazima katika nchi ambayo watu wengi hufia nyumbani.

Daftari la kwetu

Sasa rudi pamoja nasi hadi bonde la Usangu. Dunia inazidi kupata joto, na wataalamu wanatazamia siku nyingi zaidi za jua kali. Ili tujue jua hilo linawafanya nini wakulima wa Ubaruku, na baridi inawafanya nini watoto wa milimani, tunahitaji vitu viwili kama vile alivyokuwa navyo Farr: vipimo vya hewa vya kila siku, na daftari lisiloacha kifo chochote. Vipimo vya hewa huchukuliwa na vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Daftari la vifo hutegemea watu wote.

Sheria ya Tanzania inataka kila kifo kiandikishwe, nacho chapasa kuarifiwa katika muda wa siku 30. Usajili husimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Lakini wengi huzika ndugu zao bila ya kuandikisha, kwa kuwa ofisi iko mbali, au kwa kuwa hawaoni faida yake. Marehemu asiyeandikwa hawezi kuonekana katika hesabu yoyote. Ikiwa katika juma la jua kali watu tisa wamekufa zaidi ya kawaida, na hakuna aliyeandikwa, basi kwa macho ya taifa hakuna kilichotokea. Hapatachimbwa kisima, hapatajengwa kivuli, wala hapatatolewa onyo kwa mwaka ujao.

Kumbuka basi kwamba mtu anayepeleka taarifa ya msiba katika ofisi ya mtendaji anawafanyia kazi walio hai. Jina la marehemu wake litakuwa namba moja katika hesabu, na hesabu hiyo huenda ikamwokoa mzee au mtoto ambaye hatamjua kamwe.

Maswali

1. Kwa nini vifo vingi vya joto na baridi haviandikwi kwa jina hilo katika daftari?
2. Farr alitumia mambo gani mawili ili kujua madhara ya baridi katika mji wa London?
3. Eleza tofauti iliyopo kati ya vifo vya joto na vifo vya baridi kwa upande wa muda.
4. Katika wilaya ya kufikirika, vifo vya juma la pili la Julai kwa miaka mitano vilikuwa 31, 28, 30, 33 na 28. Mwaka wa sita palikuwa na baridi kali, wakafa watu 42. Tafuta wastani, kisha tafuta vifo vya ziada. Taja mambo mawili unayopaswa kuyachunguza kabla ya kusema kwamba baridi ndiyo iliyoleta ziada hiyo.
5. Farr alibadili mawazo yake juu ya kipindupindu. Ni jambo gani lililomfanya abadili?

La kufanya

Tundikeni kipimajoto mahali penye kivuli karibu na darasa, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Someni kiasi cha joto kila siku saa 2 asubuhi na saa 8 mchana kwa muda wa mwezi mmoja. Andikeni katika jedwali, na katika safu nyingine andikeni idadi ya wanafunzi wasiofika shuleni kwa sababu ya ugonjwa. Mwisho wa mwezi chunguzeni kama safu hizo mbili zina uhusiano wowote, na mjadili ni sababu gani nyingine zinazoweza kuwafanya wanafunzi wasifike.